Ala ya Bastola ya Mitutu Miwili

Mjukuu wangu ni polisi. Mwezi uliopita alikuja Jinja kunisalimia, akaketi jikoni na viatu vyake vizito nilivyokwisha kumkataza, akanionyesha picha ya bastola kwenye simu.

"Jaja, tazama hii. Inabadilishwa. Ukitaka risasi kubwa unaweka mtutu mkubwa, ukitaka ndogo unaweka mdogo. Mwili ni uleule. Wanasema watatuletea."

"Hiyo naijua," nikasema.

Akacheka. "Utaijuaje, Jaja? Hii ni ya kisasa."

"Ya kisasa ya nani? Mimi niliishonea nguo kabla mama yako hajaolewa."

Akaacha kucheka. Akataka nimweleze uzuri wake na ubaya wake. Nikamwambia ale kwanza, kisha alale, maana jambo lenyewe si la kusimuliwa mtu akiwa na njaa. Asubuhi akaondoka kabla sijamaliza. Basi ninaandika. Shule niliiacha mapema, wala sioni haya kusema hivyo. Kuandika nilijifunzia kwenye vipimo vya watu, kiuno, bega, urefu wa mguu. Anayetaka maandishi mazuri aende kwa wengine.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu moja. Mimi ni Msoga wa upande wa Buwenge, na marehemu mume wangu alikuwa Mteso. Yeye hakujua Kisoga, mimi sikujua Kiteso. Tulikutania kwenye Kiswahili, na humo ndimo tulimokaa. Mama yangu hakukipenda kabisa. Kwake ilikuwa lugha ya watu wanaogonga mlango kwa kitako cha bunduki. Alipotusikia tukiongea alikuwa akisema, "Hata mkipendana mnapendana kama mnakamatana." Lakini mimi Kiswahili nilikisikia mtu akiniuliza kama nimekula. Tangu afariki hakuna anayekisema katika nyumba hii, isipokuwa huyu mjukuu, ambaye kakipatia chuo cha polisi.

Mume wangu alikuwa fundi wa silaha. Alijifunza jeshini, kisha akatoka, na miaka ya tisini ilipoanza, viwanda vya Jinja vilipokuwa vinafunguliwa tena, akaajiriwa na kampuni moja ya ulinzi. Kazi yake ilikuwa kukaa na bunduki za walinzi: kuzisafisha, kuzitengeneza, kuzitoa asubuhi na kuzipokea jioni. Tulikaa Walukuba, kwenye nyumba ya vyumba viwili na kijichumba kimoja nyuma. Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye kibaraza. Nilishona sare za wanafunzi, na kwa sababu ya mume wangu nilishona pia mikanda na mikoba ya turubai ya walinzi.

Halafu kampuni ikafungua tawi Mbale, wakampeleka huko. Akapanga chumba Namakwekwe. Mimi nikabaki Jinja na watoto wa shule na wateja wangu. Alikuja kila mwisho wa mwezi. Alileta malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Wagisu, yamekaushwa kwa moshi na kufungwa kwenye gazeti. Nyumba nzima ilinuka moshi. Nilikuwa namgombeza juu ya harufu hiyo. Leo nikipita sokoni nikaisikia, naenda kusimama karibu na muuzaji bila kununua kitu.

Alikuja Jumamosi, akaondoka Jumapili. Mlangoni alikuwa na mzaha wake mmoja. Walinzi wanapobadilishana zamu, yule anayetoka humpa anayeingia silaha na kusema, "Nakabidhi, safi." Anayeingia hupokea na kujibu, "Nimepokea." Basi na yeye akishika mfuko wake aliniambia, "Nakabidhi, safi." Akimaanisha nyumba, watoto, na mimi mwenyewe. Nami nilijibu, "Nimepokea, afande." Watoto walicheka. Mimi nilirudi kwenye cherehani upesi, nikakanyaga kwa nguvu ili mlio wake ujaze mahali.

Mwisho wa mwezi mmoja akaja na kitu kimefungwa kwenye shati. Akafukuza watoto, akakiweka mezani. Ilikuwa bastola, tupu, haina risasi hata moja. Meneja wao, mzee aliyekuwa mwanajeshi, alikuwa amepata mbili za kujaribu kutoka kwa mfanyabiashara wa barabara ya Kenya. Walinzi wanaosindikiza gari la fedha walitakiwa kuachana na bunduki ndefu, maana ndani ya gari zinagonga paa.

"Tazama, mama," mume wangu akaniambia. Akaanza kuivua. Sijapata kuona mtu akifurahia chuma namna ile. Mtutu ukatoka, springi ikatoka, mfuniko wa juu ukalala pembeni. Kutoka mfukoni akatoa mtutu mwingine, mnene wa tundu, akaupachika. Ikarudi kuwa bastola, ileile, ila sasa inakula risasi nyingine.

"Uzuri wake ni nini?" nikamwuliza. Mimi huuliza hivyo hata nikiletewa kitambaa.

"Uzuri ni mwingi. Mwili mmoja, kazi mbili. Risasi kubwa zikikosekana, tunaweka mtutu mdogo, hatulali njaa. Mwanafunzi anajifunzia kwenye ndogo, haimrukii mkononi, akikomaa anapewa kubwa, na mkono wake umeshazoea mshiko uleule. Kikivunjika kipande, nabadilisha kipande. Sitafuti bunduki mpya."

"Na hii?" Nikagusa kifyatulio.

"Vuta."

Nikavuta. Kizito, kirefu, kama kuvuta ndoo kutoka kisimani. Nyundo ya nyuma ikapanda yenyewe, ikaanguka, tak.

"Hivyo ndivyo inavyofanya mara ya kwanza," akasema. "Nzito, ili mtu asifyatue kwa kushtuka. Baada ya risasi ya kwanza nyundo inabaki juu, ya pili inakuwa nyepesi." Akairudisha nyundo nyuma kwa kidole, akaniambia nivute tena. Mara hii sikufanya kitu. Niliwaza tu, ikalia.

"Ubaya ni huo," nikasema. "Mkono umejiandaa kwa mzigo, unakuta unyoya."

Akanitazama, akatabasamu. "Ndiyo. Risasi ya pili inakwenda inakotaka. Lakini mtu hufundishika."

Kisha akaniambia lile lililomleta. Meneja amesema, bastola zikifaa, kampuni itaagiza za kutosha matawi yote, na itafungua karakana Jinja, pale makao makuu, ya kubadilisha mitutu na kuikagua. Fundi wa karakana hiyo ni yeye. "Nitarudi nyumbani, mama. Neno langu ndilo watakalolisikiliza."

Niliinuka nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Moyoni nilikuwa nimeshampangia pa kuning'iniza koti.

Nilipima ile bastola kama ninavyopima mtoto wa mtu. Hapo ndipo nilipoona ubaya mwingine, na nikamwambia: "Ukibadilisha mtutu, kwa nje inabaki ileile. Mtu atajuaje ndani kuna upi?"

"Imeandikwa pembeni ya mtutu."

"Maandishi ya chawa. Na walinzi wako wanasoma?"

Akakuna kichwa. Kila mtutu una risasi zake. Lakini kile kikasha kinachobeba risasi na kuingia ndani ya mshiko, cha kubwa na cha ndogo, vinafanana kama mapacha, na vyote viwili vinaingia palepale. Basi nikatoa shauri, nikajiona nimemaliza. Nitashona ala mbili za turubai. Yenye uzi mwekundu ni ya bastola ya mtutu mkubwa, yenye uzi mweupe ni ya mdogo. Na vikasha vivishwe kitambaa cha rangi hizo hizo. Nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Hata asiyesoma anaona.

Alinishika bega. "Wewe ndiwe utakayenirudisha," akasema.

Nilishona kwa wiki kadhaa, kila nilipomaliza sare. Turubai mara mbili, uzi uliopakwa nta, sindano inayotumiwa na washona viatu. Jirani alitaka kupanga chumba chetu cha nyuma amweke mdogo wake, nikakataa. Nilimwambia kina mwenyewe.

Ala zilipokwisha nilizipeleka Mbale mimi mwenyewe. Nilitaka kuwapo siku meneja atakapokuja kuzijaribu bastola. Tawi lilikuwa nyumba ya bati yenye ua, na stoo ya silaha nyuma yake. Nilifika zikiwa zimebaki siku chache, nikakaa Namakwekwe na mume wangu kwenye kile chumba chenye dirisha moja. Alikuwa amenunua sufuria ya pili kwa ajili yangu.

Walinzi waliochaguliwa kuzijaribu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mzee mwenye tumbo, Mgisu, mcheshi kupita kiasi. Wa pili alikuwa mama kijana aliyepanga Malukhu, mwembamba, mwenye mtoto wa kunyonya anayemwacha kwa dada yake. Yule mzee alipewa bastola ya mtutu mdogo, ala nyeupe. Bastola ya mtutu mkubwa ilibaki stoo kwenye ala nyekundu, ikingoja siku ya kujaribiwa.

"Mama, umenishonea kitanzi cha mtoto," mzee alinilalamikia siku ya kwanza, akivuta mkanda. "Tumbo langu hukuliona?"

"Nililiona. Nikadhani ni la muda."

Walinzi walipiga makofi. Yeye mwenyewe alicheka zaidi ya wote. "Huyu mama wa Jinja ana mdomo! Fundi, umeoa meneja!"

Laiti ningenyamaza na kumwongezea kitanzi pale pale. Lakini nani angejua.

Siku meneja alipokuja, mzee wa tumbo alikuwa anatoka zamu ya usiku, na mama wa Malukhu anaingia. Nilikuwa nimekaa uani, nikawaona wanakabidhiana. Mzee akaingia stoo, akatoka na ala nyeupe, akamnyooshea.

"Nakabidhi, safi."

"Nimepokea, baba."

Mama akaifunga kiunoni, hakuifungua. Na hapa ni lazima nieleze, maana ndipo shauri lote lilipo. Kwao, kuichomoa silaha na kuikagua mbele ya mwenzako aliyekwisha kukwambia ni safi ni kumtukana. Ni kumwambia, wewe mwongo. Na huyu ni mzee, anamwita baba. Mume wangu aliwasemesha juu ya jambo hilo mpaka akachoka. Aliposimama karibu walikagua, alipogeuka walirudia heshima yao.

Tukaenda machimbo ya zamani ya mawe, nje ya mji, ambako mlima unaanza kuinuka. Meneja akasimama na mikono nyuma. Mume wangu akamwambia yule mama achukue kikasha cha rangi ya ala yake. Akachukua cheupe, chenye risasi ndogo, kikaingia vizuri kabisa. Akavuta. Niliona kidole chake kikihangaika na ule mvuto wa kwanza, mzito.

Haikulia kama bastola. Ilikohoa. Risasi ikaanguka kwenye vumbi hatua chache mbele yetu, moshi ukatoka kusikotakiwa, na bastola ikakwama mdomo wazi.

"Acha! Usivute! Weka chini!" mume wangu alipiga kelele. Sijawahi kumsikia na sauti ile, si kabla wala baadaye.

Mama aliiweka chini, akatazama mkono wake pande zote mbili, taratibu, kama anayetazama mkono wa mtu mwingine. Ulikuwa mzima. Mume wangu akaichukua, akaifungua, akatoa ganda la risasi. Lilikuwa limevimba na kupasuka ubavuni kama ganda la njugu. Ndani ulikuwamo mtutu mkubwa. Risasi ndogo imelegea ndani ya tundu kubwa.

Wote tukamgeukia yule mzee, aliyekuwa amekuja kutazama badala ya kwenda kulala. Kiunoni, chini ya koti lake la usiku, alikuwa bado amevaa ala nyekundu, ndani yake bastola ya mtutu mdogo.

"Nilibadilisha ala tu," akasema, na mara hii hakucheka. "Juzi, pale stoo. Hii nyekundu kitanzi chake ni kirefu kidogo, inanikaa. Ile nyingine nikaitia kwenye nyeupe, ikakaa pale pale rafuni. Leo nikamtolea huyu nyeupe, maana ndiyo ya zamu, na nyekundu nikaja nayo mwenyewe. Bastola sikuzigusa kitu. Ala tu."

Ni kweli. Kitanzi cha ile nyekundu nilikikata mwisho, turubai ilikuwa imebaki, nikaona nisiitupe.

Tuliporudi tawini meneja alimwita mume wangu ofisini. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa kwenye benchi na mfuko wangu wa sindano.

"Haya, fundi. Neno lako."

"Afande, bastola ni nzuri."

"Basi tuagize."

"Nzuri, lakini si ya kwetu."

"Sisi tuna makosa gani?"

"Hatuna makosa. Tunapokezana tu. Hii ni silaha ya mtu mmoja, anayejua usiku na mchana ndani yake kuna nini. Yetu inapita mikono mingi. Asubuhi huyu, jioni yule. Bunduki ya zamani haibadiliki, ndiyo maana heshima yao haijawaua."

Meneja aliegemea kiti. Hakuwa mtu mbaya. "Waweza kuwafundisha."

"Naweza, afande, nikiwa hapa. Lakini mimi nitakuwa Jinja. Hapa atawatazama nani?"

"Unajua maana yake? Bila bastola hakuna karakana. Utabaki Mbale."

"Najua."

"Mama watoto anajua?"

"Yuko hapo nje. Mwulize."

Meneja akanitazama kupitia mlangoni. Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na chumba cha nyuma nilichokataa kupangisha. Lakini nilikuwa nimemwona yule mama akigeuza mkono wake.

"Mimi nilikuja kuleta ala," nikasema. "Na sasa nazirudisha."

Lakini nyumbani Namakwekwe sikuwa mpole hivyo. Nilipasua kuni za jirani bila kuombwa. Aliponiita nile nilimwambia chuma kimeshinda mke. Nikamwambia ningepaka rangi, ningetia alama kwenye vikasha, ningekata vitanzi sawasawa. Mbona asingesema ndiyo kwanza, tukatengeneza mengine baadaye, tukiwa pamoja?

"Rangi inabanduka, mama. Kitanzi, mtu atakikata. Halafu siku moja nitaletewa habari Jinja, nikiwa nakula chakula chako."

"Na mimi nile na nani?"

Aliosha sahani zote mbili.

Kesho yake alinisindikiza hadi stendi. Alikuwa amebeba mfuko wangu na malewa kwenye gazeti. Akanipa, akasema, kama kawaida, "Nakabidhi, safi."

Nikamtazama. Alikuwa amekonda, na nilikuwa nimemsikia siku zote zile akikohoa kwenye shati ili nisijue. Nikasema, "Fungua kwanza nione."

Alishtuka, kisha akacheka hadi machozi. Pale stendi, watu wakitusukuma, akanifungulia. Akasema kifua kinambana tangu mvua za mwanzo. Akasema jioni hapiki, hununua mhogo akala amesimama. Akasema Jumapili akifika Mbale hufikia mlangoni akakaa nje, hataki kuingia. Yote hayo alikuwa akinikabidhi safi, mwezi baada ya mwezi. Nami nikamfungulia ya kwangu: paa linavuja upande wa watoto, na kile chumba cha nyuma, na kwamba cherehani naikanyagia nguvu ili nisisikie mlango ukifungwa. Gari la kwanza liliondoka bila mimi.

Hatukuishi pamoja tena ila miaka michache ya mwisho, tawi la Mbale lilipofungwa na kifua kilipokuwa kimeshamzidi. Iliyobaki yote ilikuwa miisho ya miezi. Lakini tangu siku ile kila alipokuja tulikaa jikoni kabla ya chakula, na mmoja akasema, "Fungua," na mwingine akafungua. Wengine waliokaa na waume zao kila siku sijui kama waliyasikia yote niliyoyasikia mimi. Watu huniambia kuagana huzoeleka, kwamba ya kwanza ni nzito na zinazofuata ni nyepesi, kama kile kifyatulio. Kwangu haikuwa hivyo. Zote zilikuwa za kwanza.

Sasa ninaishi na mlio wa friji. Watoto hupiga simu kwa Kisoga, wananiuliza kama niko salama, nasema niko salama.

Wewe mjukuu, jibu lako ni hili. Wakikupa bastola ile iwe yako, ya kiuno chako peke yako, ichukue, ni kitu kizuri, na babu yako aliipenda. Wakikupa ya kupokezana, ifungue kila mara mbele ya huyo anayekupa, hata akiwa mkubwa, hata akiwa baba. Akikasirika mwambie umefundishwa hivyo nyumbani. Na ukija tena usikimbie asubuhi. Vua hivyo viatu, ukae, na useme nami kwa Kiswahili. Chumba cha nyuma bado sijakipangisha.